Vivutio vya Montgomery kwa Ukoo wa Tarver

Montgomery, Alabama
15 Januari 2023

Babu Roscoe,

Shikamoo. Mimi ni Janiya, binti wa Denise, mjukuu wa dada yako Earline. Hatujawahi kuonana. Wiki ya Krismasi nilikupigia simu mara tatu, ikaita mpaka ikachoka. Mama akasema ulifanya kazi posta huko Detroit miaka thelathini na moja, na kwamba barua pengine utaifungua, hata kama ni kwa mazoea tu.

Huku hatujambo. Mama anafanya zamu za mchana hospitalini. Mimi nina miaka kumi na tano na niko darasa la kumi. Bibi Earline hajambo isipokuwa macho, ambayo amenikataza kuyazungumzia, kwa hiyo naishia hapo.

Sababu ya barua ni hii. Mkutano wa ukoo mwaka huu ni tarehe 7 hadi 9 Julai. Ijumaa ni samaki wa kukaanga, Jumamosi ni basi la matembezi, Jumapili ni ibada katika kanisa letu la Mlima Gileadi. Shangazi Rochelle, mwenyekiti wa kamati, amenipa kazi ya kupanga vivutio ambavyo ndugu wanaotoka mbali wataviona Jumamosi. Alisema mbele ya kikao kizima, "Mpeni Janiya, hana marafiki, ana muda." Sikupinga, kwa sababu ni kweli kwa kiasi fulani.

Nimesoma vitabu vyote vya maktaba kuhusu mji huu, na orodha yangu ya kwanza iko hivi. Tutaanzia kituo cha zamani cha mabasi, ambacho sasa ni makumbusho. Halafu chemchemi ya sanamu katikati ya mji, barabara ya Dexter mpaka Ikulu ya jimbo, na lile kanisa la matofali mekundu lililo karibu nayo. Halafu makumbusho ya Rosa Parks, ule mnara mpya wa kumbukumbu wenye nguzo za chuma zinazoning'inia, na ukingo wa mto. Shangazi anataka pia uwanja wa besiboli. Timu yetu imejipa jina la ile mikate midogo ya asubuhi, na katikati ya mchezo huwarushia watazamaji mikate hiyo kwa mzinga.

Wewe ulizaliwa hapa na uliondoka mwaka 1963. Kamati ingefurahi kujua ungependa kuona nini. Nimekuwekea kiti namba tatu, dirishani.

Wako mtiifu,
Janiya Tarver

*

Detroit, Michigan
9 Februari 2023

Mjukuu wangu Janiya,

Marahaba. Barua yako ilichukua siku tisa, jambo ambalo enzi zangu lingemfanya mtu aitwe ofisini. Theluji imefika kwenye kengele ya mlango. Jirani yangu, Bwana Kowalczyk, huja kuisafisha na mimi humtazama, na sote wawili tunaridhika. Goti la kushoto linauma, la kulia linasubiri zamu yake.

Sikupokea simu kwa sababu sipokei simu. Katika miaka thelathini na moja sijawahi kuona simu iliyofika ikiwa na mhuri wa tarehe.

Nina swali kabla ya vivutio. Mwaka 2021 mlinitumia fulana ya ukoo kwa posta. Ni ya rangi ya zambarau, mbele ina mti, na mgongoni kuna majina ya Tarver waliotangulia mbele ya haki. Mimi ni wa tisa, kati ya mjomba Hosea na binamu Tolbert. Yaani mliniua, kisha mkanitumia fulana. Saizi ilikuwa sahihi. Ningependa kujua orodha ile aliiandika nani. Sina kinyongo, nauliza kama mtu aliyewahi kushughulikia barua zilizopelekwa anwani mbaya.

Sasa orodha yako. Kituo cha mabasi nilishuka pale saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Kulikuwa na benchi moja na mwanamume aliyelala juu yake. Sikujua kuwa ni kivutio. Chemchemi niliiona saa moja kasorobo, haikuwa na maji kwa sababu mvua ilikuwa inafanya kazi hiyo. Nadhani wasichana wa pale juu walikuwa wanapata baridi. Kuhusu mikate inayorushwa kwa mzinga, nilipokuwa kijana mji ule uliturushia vitu vingine, kwa hiyo haya ni maendeleo.

Kiti namba tatu mpe mwingine. Sitakuja.

Msalimie mama yako. Msalimie na dada yangu.

Babu yako,
Roscoe Tarver

*

Montgomery
20 Februari 2023

Babu,

Shikamoo tena. Pole kwa goti na pole kwa theluji. Huku ni baridi ya wastani. Mama ameshonewa sare mpya. Mimi nimeomba nafasi katika shule ya bweni ya jimbo kwa miaka yangu miwili ya mwisho. Mwalimu wangu wa historia aliniandikia barua ya mapendekezo iliyosema kwamba mimi ni mtulivu. Aliandika hivyo mara nne katika ukurasa mmoja.

Asante kwa maelezo kuhusu kituo na chemchemi. Nimeyaingiza kwenye daftari la kamati. Kuhusu sanamu za chemchemi nimeandika "hupata baridi", kisha nikafuta, kisha nikarudisha.

Bibi alikuwa anachambua majani ya mboga jikoni nilipomsomea barua yako. Aliendelea kuchambua mpaka mwisho. Nilimuuliza kama ana la kukujibu. Akaosha mikono, akaikausha, akasema, "Muulize bustani ya wanyama aliionaje." Nikamwambia bustani ya wanyama haimo kwenye orodha. Akasema anajua haimo.

Kwa hiyo nakuuliza: bustani ya wanyama uliionaje?

Kamati bado inasubiri maoni yako kuhusu Ikulu, kanisa la matofali mekundu na ukingo wa mto. Kiti namba tatu sijampa mtu.

Janiya

NB. Nimeona kwamba uliniuliza kuhusu fulana. Ukurasa huu umejaa.

*

Detroit
2 Aprili 2023

Janiya,

Ukurasa wako ulikuwa na nafasi ya vidole vinne chini. Nilipima.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na mafua, halafu sikuwa na mafua lakini nilikuwa nimezoea kukaa. Bwana Kowalczyk amenunua mbwa. Goti la kulia limepata zamu yake.

Ikulu ya jimbo niliifikia saa tisa alasiri. Ni nyeupe na imekaa juu ya kilima ili mtu afike akiwa amechoka. Kwenye ngazi kuna nyota ya shaba, pale alipoapishwa yule rais wa majimbo yaliyopigana ili sisi tubaki watumwa. Bendera yao ilikuwa bado inapepea juu ya kuba. Nilisimama juu ya nyota nikiwa na viatu vyenye matope, nikavifuta. Askari aliniangalia. Nikamwambia najikinga mvua. Hapakuwa na paa. Akaniacha.

Kanisa la matofali mekundu lilikuwa limefungwa. Mto niliuona saa kumi na moja, ulikuwa wa rangi ya kahawia na ulikuwa unakwenda, sina la kuongeza. Saa moja jioni nilipanda basi.

Ile barabara ya Dexter nilipita asubuhi. Maduka yalikuwa yanafunguliwa. Nilinunua soksi, kwa sababu nilizovaa zilikuwa zimelowa, na nilitaka kuonekana nadhifu ifikapo saa tano.

Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu vivutio vya Montgomery. Mtoto aliyezaliwa mjini haendi kuviangalia, na sisi enzi hizo vingi hatukuruhusiwa. Kwa hiyo nilifanya utalii siku moja tu.

Macho ya Earline yana nini?

Roscoe

*

Montgomery
15 Aprili 2023

Babu,

Shikamoo. Pasaka imepita salama. Bibi alioka keki mbili, moja ikaungua kwa sababu hakuona namba za jiko. Amesema jiko limeharibika. Mama akaliangalia jiko, akaniangalia mimi, akasema ndiyo, limeharibika.

Kuna mambo matatu nataka kuyaandika, na nimeyaandika kwanza kwenye karatasi nyingine ili mkono uzoee.

La kwanza ni fulana. Orodha ile niliiandika mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na Shangazi Rochelle alitaka majina kufikia jioni. Kwa Bibi, picha za walio hai huwekwa sebuleni na picha za waliokufa huwekwa kwenye korido. Kila mtu kwenye ukoo anajua hivyo, hata watoto. Nilikwenda kwenye korido na kalamu nikanakili majina yaliyo nyuma ya picha. Yako iko pale, umevaa koti, kati ya mjomba Hosea na binamu Tolbert. Sikumuuliza mtu. Fulana sitini na nane zilikuwa zimeshachapwa Bibi alipovaa ya kwake na mama akamsomea mgongo. Bibi akala samaki wake. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonifanya nisiseme mpaka leo. Naomba radhi, Babu.

La pili ni macho. Bibi ana presha ya macho. Daktari amesema jicho la kushoto limekwisha, na la kulia litaona nyuso mpaka mwishoni mwa mwaka huu, pengine na kidogo cha mwaka ujao. Mkutano mwingine wa ukoo ni 2025. Amenikataza kukwambia. Alisema, "Sitaki mtu aje kuniona kwa sababu ya daktari." Nimekwambia. Ukija Julai atakuona. Ukija baadaye atakusikia tu.

La tatu. Nilizipanga barua zako kwa saa, kama tulivyofundishwa kupanga vyanzo vya historia. Ni siku moja na ina mvua. Kuna saa kumi na mbili, kuna saa moja kasorobo, kuna soksi, kisha kuna saa tisa, saa kumi na moja na basi la saa moja. Kati ya saa tano na saa tisa hakuna kitu. Nilikwenda kwenye Biblia ya ukoo, ambapo tunaandika vizazi na vifo. Mama yako alizikwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1974, saa tano asubuhi. Bibi husema ulikosa mazishi kwa sababu basi lako liliharibika njiani.

Sijauliza swali lolote hapa. Naandika tu kwamba nimeona.

Janiya

*

Detroit
28 Mei 2023

Janiya,

Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza nimezichana. Bwana Kowalczyk hajambo na mbwa hajambo.

Fulana nimekusamehe. Huna kosa. Ulinakili kilichokuwa ukutani.

Nilipoondoka 1963 nilimwambia mama nitarudi Pasaka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Pasaka hiyo kiwanda hakikunipa ruhusa, na ya pili nilikuwa na ruhusa lakini sikuwa na koti zuri. Kufikia ya tatu nilikuwa na koti, ila nilikuwa nimeshaandika barua nyingi nikijifanya nimepata cheo. Zilipita Pasaka kumi na moja. Earline aliniandikia kwamba mama kila Pasaka huniwekea sahani, na kwamba chakula changu hupewa mtu mwingine jioni.

Halafu ikaja simu ya maandishi, kwamba mama amefariki. Nikapanda basi Ijumaa. Basi halikuharibika, lilifika kabla ya wakati.

Saa tano nilikuwa mbele ya duka la fundi viatu, linalotazamana na kanisa la Mlima Gileadi. Watu wote niliwajua, hata kwa migongo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya mama. Sikuwa nimejiandaa kwa ajili ya watu. Nilijua kila mmoja atanishika mkono na kusema, "Roscoe, umefika," na kila mmoja atajua nimefika lini. Dada yangu alisimama mlangoni na nguo nyeusi, akawa anaangalia barabara upande huu na upande ule. Wengine walikuwa wanamvuta aingie. Alisimamisha mazishi ya mama yetu saa nzima akinisubiri, na mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, na kati yetu hapakuwa na kitu isipokuwa lami.

Sikuvuka.

Saa sita waliingia. Basi la mjini likasimama mbele yangu, nikapanda kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Mwisho wake ulikuwa bustani ya wanyama. Nikakaa mbele ya ngamia. Alitafuna, aliniangalia, alitafuna. Nilinunua njugu, sikuzila. Nilikaa hapo mpaka nikawa na hakika kwamba kaburi limeshafukiwa, halafu nikarudi mjini nikaangalia vivutio, kwa sababu basi la kurudi lilikuwa saa moja na mtu hawezi kukaa kituoni mchana kutwa.

Nilipofika Detroit nilimwandikia Earline kwamba basi liliharibika Louisville, Kentucky, na kwamba nililala gereji. Nilitaja hata jina la fundi. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Pole kwa safari." Tangu hapo tunatumiana kadi za Krismasi zenye maneno yaliyochapwa tayari.

Sasa unajua kwa nini kiti nilisema umpe mwingine. Maadamu macho yake bado yanaona, sitaki anione.

Barua hii usimsomee.

Babu yako

*

Montgomery
5 Juni 2023

Babu,

Shikamoo. Shule ya bweni imenikubali, nitaondoka Agosti. Mama amelia kidogo na kununua mashuka.

Sikumsomea. Lakini barua ilifika akiwa barazani, akaipapasa bahasha, akasema ni nzito. Akauliza ina nini. Nilikumbuka umenikataza kusoma, ila hukunikataza kutaja mada, nikasema, "Ni kuhusu bustani ya wanyama."

Bibi akasema, "Miaka arobaini na tisa. Kweli posta imekuwa na uvivu."

Halafu akaniambia kwamba binamu Tolbert, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akiuza njugu pale bustanini. Jioni ya mazishi alikuja nyumbani na kofia mkononi, akachukua sahani ya chakula, akamwambia Bibi, "Leo nimemuuzia Roscoe njugu. Nilimwita, hakugeuka." Bibi alimwambia anyamaze na ale. Kwa hiyo barua yako ya Louisville ilipofika, alikuwa ameshajua kwa siku sita. Anasema anachotaka kujua ni kama yule fundi alikuwa mtu wa kweli, maana ulimsifu sana.

Nilimuuliza kama ana hasira. Akasema alikuwa nayo, lakini imekaa ndani ya nyumba muda mrefu mpaka imekuwa kama kabati, mtu anaizunguka tu akienda jikoni. Nilimuuliza kama anataka uje. Akaniambia niende nikatazame kama jiko limezimwa. Lilikuwa limezimwa, na alijua.

Basi la matembezi litaondoka mbele ya nyumba saa mbili asubuhi. Bustani ya wanyama haimo. Nimeangalia mara mbili.

Janiya

*

Detroit
24 Juni 2023

Janiya,

Fundi hakuwa mtu wa kweli. Mwambie.

Hongera kwa shule. Sasa yanauma magoti yote mawili. Nimemuuliza Bwana Kowalczyk kama anaweza kunipeleka stesheni, akasema anaweza. Sikumwambia ni lini, wala hakuuliza. Ni jirani mzuri.

Jumapili hiyo, basi la ukoo huegeshwa upande gani wa barabara?

Roscoe

*

Montgomery, Alabama
17 Septemba 2023

Mjukuu wangu Janiya,

Marahaba ya mapema. Mama yako hajambo, sare moja imechanika. Bibi yako hajambo isipokuwa macho, ambayo sasa anayazungumzia kutwa, kwa kuwa amepata mtu wa kumtuma. Mimi goti la kulia limepona kwa joto la huku. Barua yako ya shuleni tumeisoma. Umesema chumbani mwenu kuna msichana mwingine asiyependa kuongea na kwamba mnaelewana sana. Bibi yako anauliza mmejuaje.

Umeniuliza ni nini tulisema Jumapili ile ya mkutano wa ukoo, mimi na yeye, kwa sababu wewe ulikuwa dirishani mwa kanisa na uliona midomo tu. Nimemuomba ruhusa. Amesema niandike, ila nisijipendelee.

Ijumaa unaijua, ulikuwepo. Nilifika, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akausogeza karibu na jicho la kulia kama mtu anayetafuta mhuri. Akasema, "Umezeeka vibaya." Akanipa kisu nimenye viazi vitamu. Jumamosi uliongoza matembezi vizuri sana. Sauti yako haikufika nyuma ya basi, lakini sisi wa mbele tulifaidika. Siku hizo mbili tuliongea kuhusu viazi, joto, na watu waliokufa.

Jumapili dereva akaegesha upande usiotakiwa. Nilikuuliza kwa barua na ukaniambia huwa ni upande wa kanisa. Sikulaumu, upande ule ulikuwa umejaa magari. Akaegesha mbele ya lile duka la fundi viatu. Sasa wanauza simu pale. Mlishuka wote, mkavuka na mavazi yenu. Mimi nilishuka wa mwisho nikajikuta nimesimama palepale. Nikafikiri nitavuka hawa wakimalizika kuingia. Wakamalizika. Nikafikiri nitavuka gari hili likipita. Likapita.

Earline alikuwa mlangoni. Hakuangalia barabara. Alishuka ngazi, akaweka fimbo kwenye lami, akavuka peke yake. Gari moja lilipiga breki. Aliliinulia mkono kama anayelisalimu. Alipofika alisimama pembeni yangu, tukawa tunatazama kanisa sote wawili, kama watu wanaosubiri basi.

Akasema, "Siku ile nilikuona."

Nikamwambia najua, Tolbert alimwambia.

"Simzungumzii Tolbert. Nilikuona hapa. Umevaa koti la kahawia na soksi mpya. Nilikuona dakika uliyosimama."

Nikamwambia alikuwa akiangalia barabara huku na huku.

"Niliangalia huku na huku ili watu wasijue kwamba nimekuona. Nilisema moyoni, akivuka mwenyewe nitamsamehe yote, zile Pasaka na zile sahani. Nikakungoja. Halafu nikajua kwamba nikikuita kwa jina utavuka mbio. Nilijua, Roscoe. Nilikuwa nimefungua mdomo. Nikaufunga."

Nikamuuliza, "Saa nzima?"

"Saa nzima. Mchungaji alikuwa na mazishi mengine saa nane."

Hapo ndipo ulipotuona tumenyamaza, ukadhani tumegombana. Hatukugombana. Mimi nilikuwa nahesabu miaka, yeye alikuwa anatafuta leso. Miaka yote hiyo nilidhani nimemficha jambo. Kumbe na yeye alikuwa na la kwake, na ndilo lililonitundika kwenye korido. Amesema hakuweza kunitazama kila siku akinywa chai.

Kisha akasema, "Nishike mkono. Kuja nimekuja kwa bahati, kurudi magari siyaoni."

Nikamshika. Tulipoingia ibada ilikuwa imefika kwenye matangazo, na Shangazi yako Rochelle alikuwa akieleza kuhusu viti vya kukodi. Hakuna aliyesema, "Roscoe, umefika." Walisogea tu kwenye benchi.

Tangu hapo tunakwenda kanisani Jumapili zote. Mama yako hutushusha upande wa duka la simu, kwa sababu dada yangu anataka iwe hivyo, na tunavuka wenyewe. Barabara ile nilikuwa naikumbuka pana sana. Ni hatua kumi na nane. Earline anasema ni kumi na sita, na kwamba mimi huburuta miguu. Leo tulirudia mara mbili, magari yakisubiri, na bado hatujakubaliana.

Babu yako,
Roscoe